Kura ya Bahari

Mwezi wa pili, Kielce, theluji imegeuka tope
na sisi wanne tumezunguka meza ya jikoni
tukigombea jua.

Ziemowit, mume wangu, kachora jedwali,
yeye hata kununua sabuni huchora jedwali:
bei, kilomita, joto la maji, choo cha ndani.
Bulgaria, anasema, mchanga unachoma nyayo,
chakula kimelipiwa, mtu ale mpaka ashindwe.
Kroatia maji ni kioo, lakini ufuo ni kokoto,
na gari letu lina miaka kumi na tisa,
milima ya Slovenia italitoa roho.

Mimi nilikuwa na langu, sikuliandika popote.
Nilitaka mahali ambapo Kalina hatafunga mlango.
Ana miaka kumi na saba, na mlango wake
naujua kuliko ninavyoujua uso wake:
rangi iliyobanduka, kibandiko cha twiga,
uzi wa mwanga chini, saa nane usiku.

Gniewko, kumi na minne, anataka mawimbi.
Hajawahi kupanda ubao wowote,
ila rangi ya ubao wake ameshachagua.
Anataka na intaneti isiyokatika,
na hema lake peke yake, mbali na letu.
"Mbali kiasi gani?" nikauliza.
Akapima kwa macho, kutoka jiko mpaka dirisha,
akaongeza kidogo,
akapunguza.

Kalina hakutaka kitu.
"Popote," alisema, neno lile lile
analolitumia kwa supu, kwa viatu, kwa chuo.
Nikaitazama ramani kana kwamba upo,
Popote, mji mdogo wa pwani, wakazi elfu mbili,
kanisa moja, duka la aiskrimu.

Basi tukapiga kura. Vikaratasi vinne,
sufuria ya viazi ikawa sanduku.
Nilifungua mimi. Cha kwanza: Bulgaria,
mwandiko wa Ziemowit, umesimama kama askari.
Cha pili changu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika
Popote. Nikakikunja tena.
Cha tatu: Rowy.
Cha nne: Rowy.

Rowy! Bahari ya Baltiki, maji ya kugandisha ulimi.
Rowy, miaka minane iliyopita,
mvua siku tisa kati ya kumi,
watu wamepigilia vitambaa vya kuzuia upepo
tangu alfajiri, kila familia na boma lake,
wakilinda ufuo ambao hata jua halikuutaka.
Nililia chooni kule Rowy. Niliapa.

"Jamani, mnakumbuka nini huko?"
Wakaanza, wakikatizana:
veranda iliyovuja, beseni chini ya tone,
baba akicheza karata ndani ya koti la mvua,
mama (mimi!) kukamatwa na malkia wa kopa
ndani ya soksi;
samaki wa moshi kwenye gazeti,
na punje ya kaharabu, ndogo kama mtama,
aliyoimeza Gniewko, tukaingoja siku mbili.
"Mliingoja nyinyi," akasema Gniewko, "mimi nilifanya kazi."
Kalina akacheka. Nikaliona lile jino
lililokaa upande, sijui tangu lini sijaliona.

Ziemowit akalikunja jedwali, mara mbili, mara tatu,
akainama, akalisukuma
chini ya mguu wa meza unaoyumba.

"Na kama haitanyesha?" Gniewko akauliza,
kwa hofu ya kweli.

Asubuhi nikampigia mwenye nyumba,
Bi Sławomira. Anatukumbuka.
Veranda imeezekwa upya, alisema, sauti imejaa fahari,
bati la Kijerumani, haliingii hata tone.
Nikamshukuru sana.
Watoto sijawaambia.